Jii na Haa

Ozell Tarver alirudi Alabama kutoka Vita vya Korea mwezi wa pili, na mguu wa kushoto alikuwa ameuacha huko. Chini ya goti alivaa wa mti. Mama yake, Bi. Idella, alilia siku nzima, kesho yake akafuta machozi na kumpikia kunde na mkate wa mahindi. Basi, yakaisha. Kwa Bi. Idella kilio ni cha siku moja tu.

Ila kulikuwa na jambo la Verlene. Baba yao alifariki Ozell alipokuwa vitani, na Verlene, binti wa miaka kumi na saba, akashika plau. Nyumbu mzee, chotara wa punda na farasi aliyevuta plau, naye akafa, akanunuliwa mwingine mbichi, hajui kazi, na Verlene akamfundisha mwenyewe. Nyumbu huyo walimwita Shemasi kwa jinsi alivyotikisa kichwa, utadhani yuko kanisani anaitikia mahubiri. Miaka mitatu msichana yule alilima pamba na mahindi. Sasa chuo cha uuguzi Nashville kilikuwa kimemwita, na jibu lilitakiwa lifike kabla ya Pasaka kupita.

"Siendi," alisema Verlene. "Nikienda, nani atalima?"

"Mimi nipo."

"Kaka, wewe una mguu mmoja."

"Na nusu," alisema Ozell. "Tupatane. Nikimaliza shamba la bondeni kabla ya Ijumaa Kuu, unaenda. Nikishindwa, baki."

Ijumaa Kuu ndiyo siku yetu ya kupanda maharage, na ardhi isipokuwa tayari siku hiyo, mwaka mzima utasemwa. Verlene alimtazama kaka yake, akautazama na ule mguu, akampa mkono.

Jumatatu Ozell aliuvalisha mguu wa mti buti kubwa la marehemu baba yake, ili usizame kwenye udongo. Mfuo wa kwanza ulinyooka vizuri, akajisikia mwanamume. Alipofika mwisho akapaza sauti, "Haa!"

Huku kwetu nyumbu huambiwa maneno mawili tu. Jii, akate kulia. Haa, akate kushoto. Mtoto anayajua kabla ya kujua jina la babu yake. Ozell akajiweka tayari kwa kushoto, Shemasi akakata kulia, mshikio wa plau ukamgonga mbavuni. Akaenda chini, pu!

Mjomba Lonzo, kaka wa Bi. Idella, alikuwa ameegemea uzio. Mzee huyu alikuwa kiziwi wa sikio moja na mvivu wa mwili mzima. "Mwanangu," aliita, "mguu wa meza huo ni wa kuwekea sahani, si wa kulimia!"

"Mjomba, njoo basi ushike wewe mwenye miwili."

"Mgongo wangu, baba, mgongo!"

Ozell akainuka. Mwisho wa mfuo wa pili akaanguka tena, na wa nne tena. Kila mara alijua kosa ni lake, kwamba kwenye kugeuka mguu ule unachelewa. Siku hiyo alianguka mara tisa. Jumanne mara kumi na moja, na kisiki cha mguu kikachubuka hata soksi ikaganda damu. Alikuwa na hasira na nyumbu, na mjomba, na Korea yote, lakini kusema nimeshindwa? Thubutu! Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Jumatano asubuhi alimkuta Verlene mezani na karatasi.

"Unaandika nini?"

"Nawaambia wasinisubiri." Hakuinua macho. "Nimeiona soksi yako, Kaka. Inatosha."

Hilo lilimuuma Ozell kuliko siku ile aliyoamka hospitalini. Mguu aliupoteza bila kuulizwa, lakini hili lilikuwa mikononi mwake. "Njoo unilimie mfuo mmoja," alisema. "Mmoja tu. Nataka nione miguu yako unaiwekaje."

Wakaenda. Ozell akaketi mwisho wa shamba, macho kwenye viatu vya dada yake. Verlene alikuja na plau polepole, amenyooka. Alipofika mwisho akasema, bila hata kupaza sauti, "Haa, mzee wangu."

Na Shemasi, mpole, akakata kulia.

Ozell akasahau viatu. "Vee! Nani alikufundisha jii na haa?"

"Baba."

"Alikwambia?"

"Baba alikuwa anaongea? Nilikuwa namletea chakula cha mchana, nasimama hapo hapo ulipokaa, namwangalia anavyokuja. Akisema haa, anageukia huku." Akanyoosha mkono wake wa kulia.

"Yeye akija, wewe umemwelekea uso kwa uso," alisema Ozell. "Kulia kwako ni..."

Verlene aliutazama mkono wake. Akautazama wa pili. Ozell alianza kucheka, akacheka mpaka akalala chali kwenye nyasi, machozi yanamtoka, maana mara zote ishirini alizoanguka, mguu wake haukuwa na kosa hata moja.

"Unanicheka!" Machozi yalimlengalenga Verlene. "Miaka mitatu, Ozell! Miaka mitatu namfundisha mnyama wa watu uongo! Nitamfundisha upya. Nipe mwezi."

"Ng'o! Mwache Shemasi wa watu." Akajiinua kwa kushika mshikio wa plau. "Umemfundisha peke yako na anakutii kuliko waumini wanavyomtii mchungaji. Wa kufundishwa upya ni mimi. Nimejifunza kutembea ukubwani, maneno mawili yatanishinda? Hapa kwa kina Tarver, haa ni kulia. Kaichome hiyo barua."

Akalima Jumatano yote. Ulimi wa utotoni haubadiliki kirahisi, akakosea mara mbili na kuanguka mara mbili, Mjomba akafurahi. Alhamisi hakuanguka. Jua lilipogusa misonobari alikuwa amebakiza mfuo mmoja, na alipoumaliza alibusu pua ya nyumbu mbele ya mama yake.

"Ujue umemgeuza vibaya huyo!" Mjomba Lonzo alipiga kelele.

"Ndivyo tunavyogeuka sisi!" alijibu Ozell.

Wiki tatu baadaye basi la Nashville lilisimama barabarani, kando ya shamba. Ozell alikuwa akipalilia kwa plau, maana alijua wakiagana getini atalia. Verlene akapanda, akapita mpaka viti vya nyuma, tulikotengewa sisi watu weusi. Basi likaondoka, likafika njia panda, likakata kulia. Dirisha la nyuma likafunguka, kichwa chenye kofia mpya kikatokeza.

"Haaaa!" alipiga ukelele Verlene, anacheka na kulia kwa pamoja.

Shemasi akainua masikio. Sauti ya mwenyewe aliijua. Papo hapo akakata kulia katikati ya mfuo, akaburuta plau juu ya mistari mitatu ya maharage, na Ozell nyuma yake akirukaruka kwa mguu na buti la baba yake, akiyumba huku na huku, mikono imeng'ang'ania.

Hakuanguka.