Folda ya Kukataliwa

Mkuu wetu Muhigirwa alifuta kazi yangu ya miezi mitatu kabla ya chai ya asubuhi, kisha akanichekea. Sikuwahi kumpenda. Siku hiyo nilimchukia.

Programu yetu huwapigia manesi hesabu ya dawa za watoto. Majaribio yake nilikuwa nimeyapanga katika folda mbili. Ya kwanza ni ya kawaida: kila hesabu itoe jibu sahihi. Ya pili ilikuwa na faili tisa nilizoandika kwa makosa ya makusudi, kwa mfano miligramu mahali pa mililita. Hapo kompaila, yaani chombo kinachokagua msimbo kabla ya kuujenga uwe programu, lazima ikatae. Ikikubali, jaribio limeanguka.

"Nilikuta makosa tisa mule," alisema. "Bageni banakuja leo. Nililegeza vipimo, miligramu na mililita vyote viko namba tu, sasa inakubali. Ile folda nilitupa."

"Papa Muhigirwa, faili zile zilipaswa kukataliwa!"

"Usinifundishe. Mimi njo chef."

Nilijua kilichomsukuma. Ukurasa wa kuonyesha dozi aliuandika yeye, na kompaila ilikuwa imeukataa siku mbili mfululizo. Badala ya kutafuta kosa lake, alimfukuza mlinzi aliyelikamata.

Mgeni wa kwanza alikuwa Maman Mukarugwiza, nesi kutoka hospitali ya Gihundwe, ambaye jioni hiyo angeanza kuitumia programu wodini. Aliingiza kwenye programu uzito wa mtoto wa kilo kumi, akatazama skrini, akaondoa miwani.

"Papa, nisomee hapa."

"Paracetamol ya maji," alisoma Muhigirwa kwa madaha. "Mililita mia moja na hamsini."

"Chupa nzima iko na mililita mia moja. Unataka kuuwa batoto?"

Kumbe ukurasa wa Muhigirwa ulikuwa umechukua miligramu na kuziandika mililita. Alininyooshea kidole bila haya.

"Majaribio ni ya Honorine. Muulize yeye."

Nilifungua historia ya mabadiliko, nikamgeuzia nesi skrini: jina la Muhigirwa, saa mbili na dakika kumi, faili tisa zimefutwa.

Nilizirudisha faili zote mbele ya nesi, na vipimo kama vilivyokuwa awali. Ukurasa wa Muhigirwa ukakataliwa papo hapo. Kisha nikaongeza jaribio la kumi: folda ile ikikosekana, programu haijengwi kabisa, na maandishi mekundu yanataja nani aliifuta.

Nililijaribu mara moja kwa toleo la asubuhi, lile lisilo na folda. Jina la Muhigirwa lilitoka vizuri.