Upande wa Nne

Mngurumo ulimfikia kabla macho hayajazoea giza: wa chini, mrefu, kama msumeno butu unaobishana na mbao mbichi. Fundi alisimama mlangoni mwa karakana, shoka mkononi, akasikiliza. Mlango huu ulikuwa haujafunguliwa wiki saba. Alikuwa amekuja kufanya kazi moja tu, kisha aufunge kabisa, na ufunguo autupe chooni.

Alisukuma dirisha. Mwanga uliangukia kile alichokuja kukipasua: kitanda cha mtoto, pande tatu zimekamilika, wa nne haujawekwa. Ndani yake, juu ya maranda, ameketi kuku. Kuku kishingo, shingo tupu, nyekundu, manyoya yametutumka, jicho moja limemkazia.

"Toka," alimwambia.

Kuku akanguruma tena. Fundi alipopeleka mkono alidonolewa mpaka damu ikatoka, akabaki analitazama tone lile kwa mshangao, kama mtu aliyesahau kwamba bado anayo.

Alimjua. Alikuwa wa Mama Pacha, jirani. Alipenya pale nyuma, kwenye ubao uliooza. Chini yake kulikuwa na mayai saba. Sasa shoka lifanye nini? Hawezi kupasua kitanda chenye mama ndani. Akaliegemeza ukutani. Siku ishirini na moja, alijiambia. Akishatotoa, napasua. Akachukua penseli ya kazi, akachora mstari mmoja ukutani.

Hivyo ndivyo alivyoanza kutoka nyumbani tena. Tangu mkewe aingizwe chumba cha kujifungulia kwa miguu yake na kutolewa amefunikwa shuka, mtoto bado tumboni, Fundi hakuona sababu ya kuvaa viatu. Alilala kwenye upande wake ule ule wa kitanda, asiuguse wa pili. Watu walikuja na pole zao, wakakaa, wakatazama saa, wakaenda. Sasa kila asubuhi alibeba maji kwenye kopo na punje za mahindi kiganjani. Kishingo alimdonoa siku tatu mfululizo. Siku ya nne aliuacha mkono upite.

Siku ya tisa Fundi alikaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza, akamwambia kitu ambacho hakuwa amemwambia mtu.

"Alinisihi, malizia upande wa mwisho leo. Mimi nikamjibu, haraka ya nini, nitamalizia kesho." Akafikicha maranda hadi yakawa unga. "Uchungu ukamshika usiku ule ule."

Kishingo alifumba jicho, akalifumbua. Hakusema pole. Fundi alimshukuru kwa hilo.

Mstari wa ishirini na moja ulichorwa. Kimya. Wa ishirini na mbili, wa ishirini na nne. Fundi alitega sikio kwenye mbao za kitanda kama daktari, akasikia pumzi yake mwenyewe. Kishingo alikuwa ameanza kukataa punje. Kifua chake kilichongoka kama patasi, na ule wekundu wa shingo ukapauka kama rangi iliyoachwa juani.

Siku ya ishirini na sita Mama Pacha alichungulia, mikono imejaa povu la sabuni.

"Kumbe mwizi yuko kwako. Shemeji, mwezi mzima namtafuta huyu, nimeshawasingizia paka wa mtaa mzima."

"Anaatamia."

"Anaatamia nini?" Alipenyeza mkono bila kuogopa mdomo wa kuku, akatoa yai, akalitikisa sikioni. Lilicheza kama maji ndani ya chupa. "Viza. Ulitegemea nini?"

"Vifaranga."

"Kwa baba gani?"

Alikuwa anataka kucheka. Akauona uso wa Fundi, kicheko kikamfia mdomoni. Alilirudisha yai taratibu, akakaa juu ya gogo.

"Jogoo wangu tulimchinja siku ya mazishi, shemeji. Watu walikuwa wengi, chakula hakitoshi. Na mtaa huu hakuna mwingine. Umewahi kusikia akiwika tangu siku ile?"

Fundi alifikiri. Kweli. Alidhani ni masikio yake ndiyo yaliyozikataa asubuhi.

"Nililetewa sahani," alisema polepole. "Nikaambiwa kula, upate nguvu. Nilikula paja."

"Wote tulikula."

"Na yeye alikuwa wapi?"

"Nani, kuku? Si uani, anatuangalia. Angekuwa wapi?" Mama Pacha alijifuta mikono kwenye nguo. "Nipe nimchukue. Nitamchovya kwenye ndoo ya maji, labda joto la kuatamia litamtoka. Likigoma, sufuria. Hawa hawana akili, atalalia mawe haya mpaka akauke."

"Mwache."

"Atakufa, shemeji."

"Nimesema mwache." Sauti iligonga bati, ikarudi. Wote wawili waliishangaa.

Mama Pacha alisimama, akafika mlangoni, akageuka. "Kuna dada nyuma ya soko, kila alfajiri analetewa vifaranga wa siku moja. Ukiwaingiza chini ya mbawa, kuku wengine huwakubali." Akasita. "Wengine huwadonoa mpaka wafe. Sikudanganyi."

"Na huyu?"

"Huyu namjua akiwa na wake tu."

Alipoondoka, Fundi alibaki akikitazama kitanda. Pande tatu, na mmoja wazi. Kifaranga angeanguka pale pale. Ubao wa nne ulikuwa juu ya meza, ulipoachwa, umekaa vumbi, na juu yake alama ya penseli iliyopinda: mkewe aliichora mwenyewe, akicheka, amepima kwa tumbo lake. Mpaka hapa, alisema, asije akaruka.

Akashika randa. Mkato wa kwanza ukaruka. Wa pili ukashika. Utepe mwembamba wa mti ulijikunja, ukaanguka mgongoni mwa Kishingo. Hakunguruma. Kichwa chake kilikuwa kinashuka kidogo kidogo, kikistuka, kikishuka tena.

Fundi alipiga magoti, akachovya kidole kwenye kopo, akamdondoshea tone mdomoni. Likatiririka pembeni. La pili, koo lile tupu lilicheza.

"Kesho," alianza, na neno likamkwama kama mfupa.

Akalimeza. Akaweka kiganja juu ya mgongo ule wa moto, mwepesi.

"Upande huu naumaliza leo," alimwambia. "Leo hii hii, kabla sijatoka humu. Na alfajiri nitakuletea. Wewe nisubiri tu, mama. Nisubiri."