Kitambaa cha Mabawa

Sudi, fundi cherehani wa mtaa wa Nyamirambo, alikuwa ameunda ndege ndogo ya vijiti vya mafunjo, mfano wa zile za kivita za Wajapani zenye maduara mekundu mabawani. Ilikosa kitambaa cha mabawa. Mwaka huo wa 1992 vita vilishakausha maduka, na bafta nyepesi nyumbani ilikuwa moja tu: sanda ambayo mama yake, Mwamini, alijiwekea sandukuni. Akaikata. Maiti gani anayepima sanda yake?

Jumapili akasokota mpira wa kuzungusha pangaboi, ndege ikaruka na maduara yake mekundu, majirani wakashangilia. Sudi, nafsi ikimsuta, hakuitazama. Alimtazama mama yake, aliyeifuata kwa macho mpaka ilipotua.

Mama akayapapasa mabawa.

“Mwanangu,” akasema taratibu, “umenibakizia ya kufunika miguu?”