Kibao Kilichozidi Milimita Tatu

Bi Kinuyo alifanya useremala miaka arobaini pale Osaka kabla ya kujiunga na klabu yetu ya redio. Sanduku la redio yake alilichonga mwenyewe, akaliunga bila msumari hata mmoja, lakini kibao cha saketi kilizidi milimita tatu, hakikuingia. Saa tisa wanachama wangekuja kusikiliza. Akatoa msumeno.

"Dada, weka chini!" akasema Hirabe, mwenye duka la vipuri tulimokutana. "Hicho ni cha nyuzi za kioo. Utaua meno ya msumeno."

"Wewe hata kigoda hujui kuunda, leo unanifundisha kukata?"

"Nakufundisha. Chukua kisu, na uvae barakoa."

Akavaa huku akinung'unika. Akalaza rula ya chuma mbali na njia za shaba zipitishazo umeme, akapitisha kisu mara kumi, akageuza kibao, akachanja na upande wa pili. Kisha akashusha barakoa, akavuta pumzi ili apulize vumbi, kama afanyavyo seremala yeyote.

"Usipulize!" tukapiga kelele mimi na Hirabe.

"Miaka arobaini napuliza!"

"Mbao, dada. Hili likiingia kifuani halitoki," nikasema, nikampa kitambaa kibichi.

Akafuta. Akabana kibao kwenye ukingo wa meza, akabonyeza, kikakatika tak! Akalainisha ukingo kwa msasa uliolowa maji, akakikausha, akakitelezesha sandukuni. Kikakaa.

Saa tisa kasoro tano mtangazaji wa besiboli alikuwa akibwata humo sandukuni, na Bi Kinuyo akiuliza nani mwingine ana kibao kilichozidi.