Mwalimu Rivarola na Winga wa Bagalu

Ukitaka ugomvi na Mageni, mwambie aachie mpira. Winga huyo wa timu ya mji wa Shinyanga alikuwa mtoto wa manju aliyeongoza kundi la ngoma la Bagalu, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwao, pamba ikishavunwa, Bagalu na Bagika hucheza siku moja, kila kundi upande wake wa uwanja, na mshindi ni yule aliyewanyang'anya wenzake watazamaji. Basi Mageni naye, akiona watu wa upande fulani wamepoa, aliwapelekea mpira na kuwachezea mpaka wapige vigelegele. Goli lilikuwa nyuma yake, lakini hilo halikumshughulisha.

Ndivyo walivyofungwa na Masumbwe, timu ambayo hata mama zao hawakuitegemea. Mwenyekiti, Mzee Abdu mwenye duka la vitenge, akatamka mbele ya wachezaji wote: wakifungwa tena Jumapili na wachimbaji wa Nyarugusu, mwalimu anarudi kwao.

Mwalimu alikuwa Anselmo Rivarola. Aliichezea timu ya taifa ya Paragwai mpaka goti lilipomsaliti, akashika kazi ya kufundisha, leo Lima, kesho Adis Ababa, hadi mwaka 1974 akajikuta kwenye vumbi la Shinyanga, akichechemea na kula michembe ya viazi vikavu kama aliyezaliwa Usukumani. Nyota wengine wa namna yake wangekaa kutazama picha zao za magazetini. Yeye alifika uwanjani kabla ya wote, akaokota mawe kwa mikono yake. Mageni alimpenda kuliko alivyothubutu kusema, na sasa kiherehere cha miguu yake ndicho kilichokuwa kinamfukuzisha.

Akaenda kumwomba asimpange. "Niweke benchi, Mwalimu. Nitakuponza."

Rivarola akamwuliza, "Kesho baba yako anacheza ngoma? Nipeleke."

Wakaenda. Watu walimtazama manju. Rivarola aliwatazama watu. Aliwaona wakivutwa mmoja mmoja kutoka kwa Bagika, na umati ulipojaa tele, manju akanyamaza, akarudi nyuma na kuwaachia vijana wake uwanja. Hapo ndipo ngoma ilipolipuka.

"Umeona?" Rivarola alisema kwa Kiswahili chake cha kuokota sokoni. "Baba anavuta watu. Wakijaa, anaacha. Jumapili watu wako si wa pembeni. Watu wako ni mabeki. Vuta. Wakijaa, acha."

Kumbe jambo aliloliona tangu ananyonya lilimsubiri mtu wa ng'ambo ya bahari aje kumwonyesha. Mageni aliona aibu, akaona na raha.

Jumapili Nyarugusu walilinda lango lao kama wamekalia mwamba wa dhahabu. Bila kwa bila, muda ukiyoyoma, Mageni akapata mpira pembeni, akaanza ngoma yake. Beki wa kwanza akaja. Wa pili akaja. Wa tatu akaacha lango, naye akaja. Uwanja mzima ulikuwa unaliita jina lake, na mwili wote ulimtaka azunguke mara moja tu zaidi. Akausukuma mpira taratibu kule kulikobaki peupe, kwa mshambuliaji mwenzake Onesmo. Uwanja ukanyamaza. Onesmo akafunga.

Walimbeba Onesmo juu juu, wakampita Mageni pale kwenye kona bila hata mmoja kumpa mkono. Tusidanganyane, roho ilimuuma. Mzee Abdu alikimbilia benchi kumpongeza mwalimu ambaye nusura amfukuze, akakuta benchi tupu.

Rivarola alikuwa anachechemea kuvuka uwanja kuelekea kwenye kona.

"Ulisikia?" akamwuliza Mageni.

"Nilisikia wanamwita Onesmo, Mwalimu."

"Hapana. Kabla. Wote kimya." Akamwekea kiganja kifuani. "Kile kimya ni chako."

Mageni akainama, akalia kama mtoto, na mwalimu akasimama mbele yake ili watu wasimwone.