Ukurasa Mmoja Kabla ya Pasi

Miaka thelathini na moja nimelala kitanda kimoja na mwalimu wa shule ya msingi, na muda wote huo nilisoma kola tu. Usicheke. Mimi ni dobi. Kila nguo ya mteja naitia alama ndani ya kola, herufi mbili au tatu kwa uzi mwekundu, na hizo nazisoma hata nikifumba jicho moja. Lakini nipe ukurasa wenye mistari thelathini, jasho litanitoka kana kwamba nimeletewa mashuka ya hospitali nzima.

Kosa ni langu. Mwaka wa kwanza wa ndoa mke wangu alinikuta nimeshika barua juu chini, akaniambia kwa upole, "Tukae dakika kumi kila siku, utajua." Mimi na kiburi changu cha ujana nikamjibu, "Nimeoa mke, sikuoa mwalimu." Aliikunja ile barua, akaiweka mezani, na hakuligusa tena jambo hilo. Mtaa mzima unamwita Mwalimu, watoto wa watu amewafundisha wakawa manesi na mafundi umeme, na mimi humohumo nyumbani mwake nikabaki mbumbumbu wa hiari.

Yeye alisoma kila siku ya Mungu, kabla ya kwenda shule, na alipostaafu, kabla ya kufagia. Alikaa kwenye kiti cha mbao karibu na mlango wa uani, mahali ambapo mwanga wa asubuhi hufika kwanza. Mimi nawasha makaa ya pasi, yeye anasoma, hatusemezani. Ilikuwa raha, na sikujua kwamba ilikuwa raha.

Mwaka jana macho yakamtupa mkono. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Anaona mwanga, anaona kivuli cha mtu, herufi haoni. Yalimkatikia akiwa katikati ya kitabu, na kitabu hicho akawa analala nacho chini ya mto. Kiti chake akakihama. Alishinda chumbani ameelekeza uso ukutani. Nikimuuliza chai, anasema ndiyo. Nikimuuliza kama anaumwa, anasema hapana. Mtu aliyekuwa akinikosoa hata ninavyopiga chafya!

Dada yake mkubwa alikuja kumwona, kisha akanivuta pembeni.

"Shemeji, nitasema kweli hata ukiudhika. Wewe unashinda uani na mabeseni yako, na huyu anakwisha kwa upweke. Kwangu yupo binti yangu, anasoma kama maji. Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua."

Niliudhika kweli, maana alikuwa amesema kweli. Nilipomuuliza Mwalimu mwenyewe, alijibu, "Labda ni bora." Nilitamani angalau angenigombeza.

Wiki hiyohiyo nikafanya kosa ambalo dobi tu anaweza kulifanya. Nilikusanya mashuka ya kitandani kwetu, nikayatumbukiza kwenye beseni bila kuyakung'uta. Nilipoanza kufikicha, mkono ukagonga kitu. Nikakivuta, kumbe ni kitabu cha Mwalimu, kimelegea kama mkate uliozama kwenye chai. Uzi wa mgongoni ulikuwa umeachia na karatasi zilikuwa zinatoka mojamoja. Mtu mwingine angekianika juani akamwachia Mungu. Lakini mikono yangu ina mazoea yake: kitu kikilegea kinatiwa wanga. Kabla akili haijafika, mikono ilikwishazichovya karatasi zote kwenye ndoo ya wanga wa kukazia kola. Nikazianika kwenye kamba, moja moja, kwa vibanio.

Jirani yangu fundi viatu alichungulia juu ya ukuta. "Dobi, leo unafua magazeti?"

"Nafua elimu," nikamwambia. "Nataka nione kama inachuja rangi."

Nilijitia utani tu. Kitabu kile ndicho kilichokuwa kimembakia katika maisha yake ya zamani, na mimi nilikuwa nimekifua.

Kesho yake karatasi zilikuwa zimekakamaa vizuri kabisa, zinalia zikigongwa. Niliwasha makaa nizinyooshe, kisha nikaingia chumbani kuungama. Niliongea na mgongo wake. Nilimweleza beseni, uzi, ndoo, kamba.

Halafu akauliza, "Umekitia wanga?"

"Nimekitia wanga."

Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu. Miezi mingapi sikuwa nimesikia kicheko kile! Akainuka, akapapasa ukuta hadi mlango wa uani, akakaa kwenye kiti chake na kunyoosha mkono.

"Nipe ukurasa wa sitini na moja. Ndipo nilipoishia."

Namba nazijua, hazijawahi kunisumbua. Nikampa. Aliupapasa ukurasa, akaugonga kwa ukucha, akaunusa, kisha akanirudishia.

"Nisomee, wakati makaa yanashika moto."

"Mimi?"

"Kuna mwingine hapa?"

Nilisoma. Tuseme hivyo. Ukweli ni kwamba herufi nilizijua kwa ajili ya kola, lakini kuziunganisha nililiburuta kila neno kama gunia, na nikifika mwisho wa mstari nilikuwa nimesahau mwanzo wake. Ilikuwa habari ya mwanamke aliyerithi kiwanda cha matofali kutoka kwa baba yake, na kaka zake wawili wanaokitolea macho. Nilipomaliza, makaa yalikuwa yamevaa majivu na shati langu limelowa.

"Basi," akasema Mwalimu. "Ukurasa mmoja kwa siku. Hata ukinoga, unaacha."

"Na nikikwama?"

"Unakaa hapohapo mpaka ukwamuke. Nitangoja."

Ujanja wake nimeuelewa baadaye. Hakuniambia nitafute muda, kwa sababu alijua nitamwambia sina. Alikipachika kitabu kwenye jambo ninalolifanya hata nikiwa na homa, yaani kuwasha makaa. Pasi haiwezi kushikwa mpaka moto ukolee, na dakika zile zilikuwa za kusimama tu na kuwasema majirani.

Siku ya tatu nilikutana na neno refu kama treni, nikaliruka.

"Umeruka," akasema.

"Umejuaje, na wewe huoni?"

"Sentensi imechechemea. Rudi."

Siku ya tisa wale kaka wawili walimpeleka dada yao kwa wazee wa ukoo na ushahidi wa uongo. Nilipandwa na hasira, nikalikandamiza shati la mteja mpaka nikayeyusha kifungo. Mwalimu alisema nisimlaumu kaka mdogo, ni mwoga tu. Nikasema mwoga ndiye mbaya zaidi. Tulibishana hadi saa sita, na fundi viatu akaingilia kutoka kwake akidai mwenye makosa ni baba aliyekufa bila kuacha wosia. Kitabu chenyewe hajawahi kukishika, kumbe alikuwa anasikiliza ukutani siku zote!

Siku ya kumi na mbili nyumba ya wageni ilileta mashuka arobaini, yanatakiwa jioni. Nikamwambia Mwalimu, "Leo haiwezekani. Kesho tutasoma mbili." Akasema sawa. Saa nne niliingia kuchukua sabuni, nikamkuta bado yuko kwenye kiti, amevaa gauni lililopigwa pasi, ukurasa uko mapajani. Nilichukua sabuni nikatoka, na siku nzima nilijiona mtu wa hovyo. Asubuhi iliyofuata nilitaka nilipe, nisome mbili.

"Ya jana imekwenda," akasema. "Soma ya leo. Kukosa siku moja ni bahati mbaya. Ukikosa mbili, umeacha."

Sikukosa tena. Nilianza kuamka na hamu. Nikawa nasoma pakiti za sabuni, vibao vya maduka, hata tangazo la msiba wa mtu nisiyemjua. Na yeye alikuwa anaongea tena, anauliza nani kapita, anasema supu imezidi chumvi. Lakini mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja, na hakuna siku aliyoniambia kwamba amebadili mawazo. Sikuthubutu kumwomba abaki. Ningemwomba kwa lipi? Kwa ukurasa mmoja unaochechemea?

Shemeji alikuja asubuhi, nimechuchumaa napepea makaa kwa kipande cha boksi. Alipita moja kwa moja chumbani kufunga nguo za mdogo wake. Binti yake alibaki nasi uani, msichana mstaarabu, karani wa ofisi. "Shikamoo, baba mdogo." Akaona karatasi zangu zimepangwa kwenye sinia, akacheka kwa mshangao, akauliza kama anaweza kumsomea mama yake mdogo kidogo.

"Themanini na nane," nikamwambia.

Jamani, yule msichana anasoma! Maneno yalitoka yamenyooka, kila mtu kitabuni na sauti yake, yule kaka mwoga akiomba msamaha mpaka na mimi nikamhurumia. Makaa hayajashika vizuri, alikuwa amemaliza kurasa tano. Nilifurahi kusikia hadithi ikikimbia, na papo hapo nikaumia. Hivi ndivyo Mwalimu alivyostahili kusomewa tangu mwanzo.

Shemeji akatokea na begi. Nikasimama.

"Nenda, Mwalimu," nikasema. "Kule ndiko utasomewa vizuri." Nilikuwa namaanisha.

Mwalimu aligeukia upande wa binti. "Unasoma vizuri mno, mwanangu. Kwenu kitabu hiki kingeisha lini?"

"Ijumaa, mama mdogo. Halafu tunachukua kingine."

"Ijumaa," akarudia. Kisha akaniuliza, "Dobi, kwako zimebaki kurasa ngapi?"

"Mia moja hamsini na tatu." Sikuhitaji kuhesabu. Nilikuwa nazihesabu kila siku.

"Ni miezi mitano." Akanyoosha mkono, akampata dada yake kwenye kiwiko, akamshika. "Dada, nimefundisha miaka thelathini na sita. Wa kila aina wamepita mikononi mwangu, wakajua, wakaenda. Huyu mmoja nimemngoja tangu siku ya ndoa, na mwezi huu ndiyo amekaa darasani. Sasa unataka nihame shule?"

Shemeji alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala. Sijui aliona nini, mzee wa mvi ameshika kipande cha boksi. Aliliweka begi chini. Akageuza beseni langu tupu, akalikalia, akapanga sketi yake magotini.

"Haya, shemeji," akasema. "Soma."

"Zile tano za binti hazihesabiki," akasema Mwalimu. "Anza themanini na nane."

Nilikuwa nalia, na ningeweza kusingizia moshi, lakini sikusingizia. Nilijifuta kwa mkono wa shati, nikauchukua ukurasa kutoka kwa binti, nikausogeza kwenye mwanga. Neno la kwanza lilikuwa gumu. Nilikwama hapohapo, mbele yao wote, na watu watatu wakaningoja.