Mzee Pasi Hewani

Wauguzi wa hospitali ile walikuwa na timu ya mpira wa magongo, na timu ilikuwa na shabiki mmoja wa uhakika: Mzee Pasi, mpiga pasi wa chumba cha kufulia. Miaka tisa iliyopita alitumwa kupeleka jezi uwanjani, akasema atakaa dakika mbili tu. Tangu siku hiyo hakubanduka. Kitabu cha sheria alikiazima kwa nahodha, akakisoma mpaka jalada likang'oka.

Msimu huu wauguzi walikuwa wamefungwa mechi zote nne. Hata hivyo, Jumamosi hiyo mchezo wao na timu ya walimu ulikuwa unatangazwa redioni kwa mara ya kwanza. Mzee Pasi alikuwa zamu, basi akaiweka redio juu ya rundo la mashuka na kuongeza sauti.

"Leo utapiga pasi au utapiga kelele?" akauliza Dada Povu, mfuaji mwenzake.

"Vyote. Mikono ni ya mwajiri, masikio ni yangu."

Furaha yake haikufika mbali. Mtangazaji alikuwa mtu wa soka kuanzia utosini hadi unyayoni. Sauti alikuwa nayo, tamu kabisa, ila mchezo alikuwa haujui hata wa dawa. Kila filimbi ilipolia alisema, "Mwamuzi kapuliza, nadhani kaona kitu." Walimu walipofunga bao, akawalaumu walinzi wa wauguzi kwa kutoweka mtego wa kuotea.

"Kuotea!" Mzee Pasi akaitua pasi kwa kishindo. "Kwenye magongo hakuna kuotea! Huyu katokea wapi?"

"Unagombana na redio, nayo haina masikio," alisema Dada Povu. "Namba ya simu wameitaja mara tatu. Si umpigie?"

Mapumziko yalipofika akapiga, hasira zikiwa bado za moto. Akapokea binti mmoja wa studio.

"Mwambie huyo mtangazaji wenu..."

"Mwambie mwenyewe, baba. Uko hewani."

 Akamtazama Dada Povu, naye akazima redio na kumwonyesha kwa kidevu: sema basi!

"Shikamoo, mzee," ilisema sauti ileile tamu. "Nasikia nimeharibu."

"Marahaba, mwanangu. Umeharibu, tena sana."

"Basi nisaidie. Anayeujua mchezo huu anaumwa, mimi nimeambiwa asubuhi hii. Macho ninayo, maarifa ndiyo sina."

Mzee Pasi alikuwa amejiandaa kwa ubishi, si kwa ungwana. Maneno makali aliyoyapanga yakamtoka kichwani yote. "Mimi maarifa ninayo," alisema taratibu, "ila macho yangu yako kazini. Wewe sema unachokiona, mimi nitakwambia ni nini."

Wakaanza hivyo kipindi kilichofuata. Dada Povu aliiweka simu kwa sauti ya juu, na wawili hao wakawa wanakunja mashuka huku wakisikiliza.

"Mwamuzi kanyoosha mikono yote miwili kuelekea goli," alisema mtangazaji.

"Kona fupi hiyo! Bila shaka mpira umemgonga mlinzi mguuni ndani ya duara. Walinzi wangapi golini?"

"Wanne na kipa."

"Sawasawa. Sasa mmoja atausukuma kutoka mstari wa nyuma, mwenzake autulize nje ya duara, ndipo wapige. Namba saba wetu yuko wapi?"

"Ameinama, anafunga kamba ya kiatu."

"Hafungi chochote, mjanja yule! Usimwache!"

"Umesukumwa... umetulizwa... namba saba! Bao! Mzee, ni bao!"

Dada Povu alirusha shuka juu, likamwangukia Mzee Pasi kichwani, naye akapiga kelele humohumo ndani. Nchi nzima ikamsikia.

"Nimemsikia mwenzako hapo akikuita Mzee Pasi," mtangazaji alisema akicheka. "Ulikuwa fundi wa pasi uwanjani?"

"Pasi zangu ni za mashuka, mwanangu. Za mpira nawaachia mabinti."

Mechi iliisha kwa sare ya bao moja kwa moja. Wauguzi wakapata pointi yao ya kwanza, na mtangazaji akasema hewani kwamba Jumamosi ijayo atamwekea mzee kiti karibu yake, kama kazini watamruhusu.

Alipogeuka, Mzee Pasi alimkuta muuguzi mkuu amesimama mlangoni, mikono kiunoni.  Karibu saa nzima kwenye simu, saa za kazi!

"Mama, naomba radhi, nilikuwa..."

"Najua ulikuwa wapi. Wodi ya tatu nzima ilikuwa redioni. Kuna mgonjwa hajatoa neno kinywani wiki mbili, leo ananiuliza kona fupi ni nini hasa. Mimi nitamjibu nini?" Akasogea pembeni kumpisha. "Habari za Jumamosi tutazungumza baadaye. Twende kwanza."

Mzee Pasi akachomoa umeme wa pasi, akachukua fagio la mpini mrefu na jozi moja ya soksi iliyoviringishwa kama mpira, wakaelekea wodini.